Dondoo linatuliza maumivu lakini uvimbe haushuki

Swali: Dondoo la majani, 200 mg/kg kwa kunywesha, limepunguza sana kujinyonganyonga (kujikunja tumbo kwa maumivu) kwa panya wadogo waliodungwa asidi ya asetiki 0.6%. Kwenye uvimbe wa unyayo unaoletwa na sindano ya karajinani (dutu ya mwani) hakuna tofauti, na vipimo vinayumba. Niamini kipi?

Jibu 1: Hicho cha kujinyonganyonga usikiamini bado. Kitu chochote kinachosinziza au kulegeza misuli hupunguza idadi hiyo bila kugusa maumivu. Wapandishe kwanza kwenye fimbo inayozunguka. Wakidondoka mapema kuliko waliopewa kimiminika kitupu kisicho na dondoo, jibu umelipata: wamesinzia au kulegea. Kisha fanya jaribio la formalini, inayodungwa unyayoni: dakika 0–5 ni maumivu ya neva kuchokozwa moja kwa moja, 15–30 yanatokana zaidi na uvimbe.

Jibu 2: Vipimo kuyumba mara nyingi ni mkono wa mpimaji. Chora mstari wa wino usiofutika kwenye kifundo cha mguu, uzamishe mguu kwenye kimiminika cha kifaa cha kupima ujazo mpaka hapo tu. Ukipitiliza kidogo, ujazo unapanda na utadhani ni uvimbe. Apime mtu mmoja asiyejua makundi.

Karajinani 1% ilowe kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Ikiwa na mabonge, sindano huziba na kila panya hupata kiasi chake badala ya 0.1 ml. Pima kabla, kisha saa 1, 3 na 5. Na kundi la indomethasini 10 mg/kg, dawa inayojulikana kushusha uvimbe, lipo? Nayo isiposhusha uvimbe, usilaumu mmea, jaribio lenyewe limeharibika.

Jibu 3: Ongeza 100 na 400 mg/kg. Dozi moja haithibitishi kitu.