"Hakuna Mswahili anayesema hivyo": leo nimeambiwa haya mimi, mzaliwa wa Langoni

Binti Langoni (mwanzisha uzi):

Wanaukumbi, asalaam alaykum. Nimetoka darasani sasa hivi na mwili wote unanitetemeka. Mnaosoma isimu na Kiswahili hapa Malindi mwalimu huyu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa miwani juu ya paji la uso. Yule anayeita majina nusu saa kisha anafundisha dakika tano. Ndiye huyo huyo.

Zoezi lilikuwa la mabadiliko ya sauti, kila mtu alete data kutoka kwa msemaji halisi wa lahaja. Wenzangu wengi walikopi mtandaoni. Mimi nilimrekodi bibi yangu nyumbani Langoni, Lamu, mwanamke ambaye hajawahi kulala nje ya kisiwa ila alipokwenda hija. Nikapanda mbele, nikaandika ubaoni: njia ni *ndia*, macho ni *mato*, jana ni *yana*, moja ni *moya*, nchi ni *nti*. Data safi. Nilikuwa bado sijaeleza hata mstari mmoja wakati yule bwana aliposhusha miwani, akautazama ubao kama aliyeona nge ndani ya kanzu, akasema:

"Futa hiyo. Hakuna Mswahili anayesema hivyo."

HAKUNA MSWAHILI ANAYESEMA HIVYO!

Mimi niliyesimama mbele yake ni nani basi? Mchina? Bibi yangu ni Mreno aliyesahaulika na meli? Pale mtaa wa Mkomani hata punda ukimwambia apishe ndia anapisha, na hajasoma shahada!

Darasa likacheka. Aliyecheka zaidi ni kiongozi wa darasa, ambaye kila Ijumaa hunijia kuomba noti. Nikabaki na dasta mkononi. Akarudia tena, polepole, eti labda sikusikia: "Futa. Hakuna Mswahili anayesema hivyo." Nikafuta. Nimefuta maneno ya bibi yangu kwa mkono wangu mwenyewe huku watu arubaini wakitazama.

Na huyu huyu ndiye aliyetugawia jedwali la Malcolm Guthrie, yule aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi za kanda na namba, wiki ya kwanza, tena kwa pesa zetu za fotokopi. Lipo mbele yangu hapa. G42a, Kiamu chetu cha Lamu. G42b, Kimvita cha Mombasa. G42d, Kiunguja cha Zanzibar. Zote zimo chini ya Kiswahili, hakuna iliyofutwa. Muhula uliopita alituwekea swali la mtihani kuhusu Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Mama yule alimuusia binti yake kwa lugha gani, Kijerumani? Ni Kiamu! Akiwa kaburini ni fasihi ya Kiswahili, mjukuu wake akisimama ubaoni hakuna Mswahili anayesema hivyo.

Na jina la kozi, jamani. Jina la kozi ni Lahaja za Kiswahili.

Siwezi hata kula.

---

Mla Mofa:

Nimesoma mpaka chini nikitafuta alichokufanyia. Ni sentensi moja tu? Mimi alinirudishia tasnifu nzima kwa sababu ya ukubwa wa herufi kwenye jalada, na sikufungua uzi.

Binti Langoni:

@Mla Mofa, sentensi hiyo moja imewafuta watu wa Lamu, Shela, Matondoni na Kipungani wote kwa pigo moja. Jalada lako lina bibi? Jalada lako liliambiwa lisiwepo?

Kaka wa Barani:

Dada pole, lakini labda alimaanisha Kiswahili sanifu. Ulimi uliteleza tu.

Binti Langoni:

Uliteleza mara mbili? Nimesema alirudia! Na zoezi lenyewe halikuwa la sanifu, lilikuwa LETE DATA YA LAHAJA. Ukiagizwa samaki ukaleta samaki, utaambiwa hakuna mtu anayekula samaki?

Nahodha Mstaafu:

Binti yangu, hasira zako zina haki. Wengi humu wanadhani sanifu ilishuka na Jibril. Mwaka 1928 palifanyika mkutano Mombasa, maofisa wa elimu wa kikoloni wakakubaliana Kiunguja kiwe msingi. Mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kazi yake kusawazisha maandishi ili vitabu vya shule vichapwe namna moja. Kimvita nacho kilikuwa na watetezi, tena wenye nguvu, kikashindwa. Huo ulikuwa uamuzi wa uchapaji na shule. Hakuna mahali waliposema wasemaji wa Kiamu wameacha kuwa Waswahili. Mwambie huyo bwana asome historia ya somo lake kabla hajashika dasta.

Binti Langoni:

Ahsante baba. Dasta nilishika mimi. Yeye alikaa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, alikaa akaniamuru nifute.

Mtikuu wa Kizingitini:

Niruhusuni kidogo, maana namwona Mwamu analia na machozi yangu mimi hayajakauka. Sisi tunaosema Kitikuu, nyinyi mnaotuita Wabajuni, tukishuka gatini Lamu ni nani hutucheka? Ni nyinyi. Dukani nikiagiza kitu kwa lahaja yangu muuzaji huita wenzake waje wasikie. Guthrie ametupa namba yetu peke yetu, G41, kabla ya zenu zote, na bado mtoto wa Lamu akiniigiza huona amefanya kichekesho cha mwaka. Leo limewafika mnajua linavyochoma.

Binti Langoni:

Mimi sijawahi kumcheka Mbajuni yeyote. Mamangu mkubwa ameolewa Faza.

Mtikuu wa Kizingitini:

Mamako mkubwa ndiye anayenicheka kuliko wote.

Shoga wa Shela ya Malindi:

😂😂😂 Uzi umeota mbawa. Mzee wa Kizingitini usimpige mtu aliyeanguka.

Mwana wa Kaya:

Nyote mnagombania vyumba ndani ya nyumba ambayo sisi hatujafunguliwa mlango. Mimi ni Mgiriama. Guthrie huyo mnayemtolea ushahidi alitutupa kanda nyingine kabisa, E72, pamoja na jamaa zetu wa Mijikenda, akawaweka nyinyi G. Wanaisimu Nurse na Hinnebusch walipoandika mwaka 1993 walionyesha wazi kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro ni watoto wa mama mmoja, Sabaki. Sasa nionyesheni kozi ya Kigiriama katika chuo chetu. Tuko Malindi! Nje ya geti mama muuza mahamri anasema Kigiriama, askari wa getini anasema Kigiriama, ukiingia ndani hakipo hata kwenye ubao wa matangazo. Binti Langoni, wewe angalau umefutwa. Ili ufutwe lazima kwanza uandikwe.

Kaka wa Barani:

Hiyo ya mwisho imeingia.

Binti Langoni:

Imeingia, nakubali, chuo kinawakosea. Lakini tusimsahau huyu bwana. Amesema hakuna Mswahili anayesema hivyo na kesho saa mbili ataingia darasani kana kwamba hakusema kitu.

Mla Mofa:

Tumekusikia, hakuna Mswahili anayesema hivyo. Ukisema tena nitaichapisha kwenye fulana.

Sikio la Paka:

Mnaongelea lahaja, mimi nina jambo zito zaidi. Kuna mtu humu amewahi kuona ndani ya maabara ya lugha? Nauliza kwa dhati. Muhula mzima wa fonetiki tumefundishwa mpumuo, ile pumzi inayotoka pamoja na konsonanti, bila kusikia sauti hata moja. Mwalimu anatuambia kaa la jiko halina mpumuo, kaa wa baharini ana mpumuo, halafu anayatamka yote mawili sawasawa, kwa sababu yeye lafudhi yake haitenganishi. Tukaandika tu. Binti Langoni ana bibi mzima aliyejaa mipumuo, na ana t ya meno na t ya ufizi ambazo sanifu haiandiki, chuo kingemleta akae pale mbele atufundishe bure.

Binti Langoni:

NDIYO! Na angeletwa, huyo bwana angemwambia

Shoga wa Shela ya Malindi:

Usimalizie, tunajua 😂

Mwalimu Mtarajiwa:

Maabara ipo. Nimeingia. Hedifoni ni chache na nyingine zina sikio moja. Shida ni ufunguo. Mwenye ufunguo ni yule mama wa ofisini anayekwambia "rudi kesho" kabla hujasalimia.

Sikio la Paka:

Huyo! Huyo mama! Mimi alinirudisha mpaka muhula ukaisha.

Kaka wa Barani:

Yeye ndiye anayekaa na karatasi za alama pia. Alama zangu za mofolojia zimepotea, eti sikufanya mtihani. Nimefanya! Nilikaa karibu na feni mbovu, feni ilikuwa inanidondoshea kutu kwenye karatasi, niliandika viambishi vyote vya kitenzi mpaka kiishio.

Mwana wa Kaya:

Hiyo feni bado ipo? Tulichangishwa pesa itengenezwe.

Mla Mofa:

Pesa ya feni alikusanya kiongozi wa darasa.

Mtikuu wa Kizingitini:

Na pesa ya fotokopi za Guthrie pia. Kurasa kumi, tukatozwa bei ya kitabu.

Binti Langoni:

Kiongozi wa darasa ndiye aliyecheka zaidi niliposimama ubaoni, niliwaambia. Turudi kwenye mada jamani, nataka ushauri, niandike barua kwa mkuu wa idara au nimfuate ofisini?

Kaka wa Barani:

Kiongozi huyo huyo ndiye alipeleka karatasi zetu za mofolojia kwa yule mama. Subirini. Kwa hiyo zilipotea mikononi mwake?

Sikio la Paka:

Mtageni aje ajibu.

Mwalimu Mtarajiwa:

Nimemtag. Yuko mtandaoni, anasoma, hajibu.

Nahodha Mstaafu:

Binti yangu, andika barua, na uambatishe ile rekodi ya bibi.

Shoga wa Shela ya Malindi:

Ameanza kuandika… ameacha… ameanza tena.

Mla Mofa:

Aanze na pesa ya feni.