Mrejesho: zamu za kujitolea Oshkosh

Wakuu, niliuliza namna ya kujitolea kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh, Wisconsin, bila kukosa ndege zikiruka. Mlionishauri niombe zamu za asubuhi, asanteni sana. Maonyesho ya angani huanza mchana, na ya usiku huwa Jumatano na Jumamosi, hivyo niliyaona yote.

Nilipangiwa kuongoza ndege ardhini. Kazi ile inataka utulivu: rubani wa ndege yenye gurudumu la mkiani haoni mbele ya pua, anafuata mikono yako. Na wiki hiyo ya Julai eneo zima hupokea ndege zaidi ya 10,000!

Wanaojitolea wanapita 5,000, ila wikiendi ya mwisho wengi huanza kurudi makwao. Mwenye nafasi mwakani aombe siku hizo.