Naomba ushauri: malengo ya wiki 8 kwa anayeanza mazoezi

Wakuu, naomba mnikosoe mpango huu. Ni wa mtu mzima asiye na maradhi, ambaye hajazoea mazoezi kabisa.

"Nataka kuwa fiti" sijaliweka, halipimiki. "Kupunguza kilo 5" nalo nimelitoa, maana mizani hupanda na kushuka kwa maji na chumvi tu, mtu akakata tamaa bure. Nimebakiza vitendo. Wiki ya 1 na ya 2 ni kutembea haraka dakika 20, siku 3, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wiki ya 3 dakika 25, ya 4 dakika 30. Wiki ya 5 inaongezwa siku ya 4, dakika zinabaki 30. Ya 6 ni 35, ya 7 na ya 8 ni 40, jumla 160 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 150.

Pushapu siku 2, za ukutani kwanza: seti 3 za 8. Akimaliza 12 kila seti bila kiuno kulegea, anahamia kwenye meza imara isiyoteleza. Sakafu baadaye.

Wasiwasi wangu ni wiki ya 5. Kutoka dakika 90 hadi 120 kwa mpigo si ndipo miundi huanza kuuma? Siku ya 4 ianze na dakika 15? Na aliyekosa wiki nzima arudie alipoishia, au arudi nyuma wiki moja?