Kindi-mbweha wameenda wapi? Kindi wa kijivu wamejaa

Msasi_Kimya: Wakuu, habari zenu. Nawinda kindi kaskazini mwa Missouri, Marekani, kipande cha msitu wa mialoni na hikori (miti ya kokwa), mahindi pande mbili. Miaka sita nyuma nilikuwa nakaa chini ya hikori moja nzee na bunduki yangu ya pointi 22, nashusha kindi-mbweha watatu wanne kabla sijachoka kukaa. Wale kindi wakubwa, tumbo rangi ya chungwa, tunaowaita mbweha kwa kifupi. Msimu huu nimeingia mara saba, alfajiri kabla ya jua, saa mbili nakimbilia kazini. Wa kijivu tele. Mbweha mmoja tu, nikamkosa. Sheria inaruhusu 10 kwa siku, aina zote mbili pamoja, lakini sitaki kuua wa mwisho. Wameisha?

Mzee_wa_Jozi: Jibu umeliandika mwenyewe: unaondoka saa mbili! Wa kijivu ndiye wa alfajiri. Mbweha hana haraka, hutoka jua likishapanda. Nenda siku ya mapumziko, saa nne hadi saa sita, ukae ukingoni na si katikati. Huko chini ya miti pakoje, unaona mbali?

Msasi_Kimya: Zamani jirani alikuwa analisha ng'ombe humo, peupe kabisa. Aliwaondoa. Sasa vichaka vinanifika kifuani.

Mzee_wa_Jozi: Ahaa. Mbweha hutembea sana ardhini, anataka miti iliyoachana na chini pawazi. Msitu ukifunga, unakuwa wa kijivu. Watafute kwenye safu za miti kati ya mashamba.

Nyika_Kansas: Huku magharibi ni nyika tupu na mbweha wapo, walifuata miti ya kando ya mito. Ila angalia na mialoni, maana kindi hula tunda lake. Baridi ya ghafla ikiunguza maua wakati wa machipuko, mialoni myeupe haizai vuli hiyo. Myekundu tunda lake hukomaa mwaka wa pili, kwa hiyo pengo lake huja baadaye. Majike wakishinda njaa, wengi hawazai mwishoni mwa baridi, na wewe unaliona pengo msimu unaofuata.

Msasi_Kimya: Nimerudi, wakuu. Saa tano kasoro, safu ya mijozi upande wa kusini: nimeona wanne, nimechukua wawili. Sasa mke wangu hataki kupika, anasema mifupa ina rangi ya waridi, wana ugonjwa.

Mzee_wa_Jozi: Mwambie shemeji ndivyo walivyoumbwa. Wa kijivu mifupa yake ni myeupe, mbweha ni ya waridi. Bandikeni sufuria.