Bi mkubwa ana miaka 67, kaambiwa mrija wa nyongo umevimba tangu kuzaliwa. Apasuliwe au aachwe?

kijana_wete: Assalamu alaykum jamani. Bi mkubwa wangu miezi minne sasa maumivu chini ya mbavu za kulia yanakuja yanaondoka, mara homa na baridi, macho yanakuwa manjano kisha yanaachia, sie tukidhani vijiwe vya nyongo tu. Tukavuka nae mpaka Dar akapigwa MRI, kumbe mrija wenyewe umevimba kama kibuyu na kazaliwa nao. Madokta wanataka kuutoa wote. Ami hataki hata kusikia, anasema kakaa nao miaka 67 haujamuua leo ndo umuue? Kwani hawawezi kuutoboa tu maji yakashuka?

bi_nesi: Waalaykum salaam, pole mdogo wangu. Zamani wakifanya karibu na hivyo anavyotaka ami, wanauunga ule mfuko, yaani mrija ulovimba, na utumbo nyongo ipite basi. Wakaacha, maana ngozi ya ndani ya mfuko inabaki na hapo ndo kansa inapoota, na hatari inazidi kwa umri, kwa hiyo hiyo 67 ya ami ndo sababu ya kuutoa. Sikuhizi wanakata mrija ulovimba pamoja na kifuko cha nyongo, halafu utumbo mwembamba unapandishwa unashonwa na mrija unaotoka kwenye ini. Ila uliza ni aina gani, ziko tano, ile ya mwisho wa mrija pale unapoingia utumboni mara nyingi wanapasua kwa kamera ya mdomoni tu.

Mkunazini: Shangazi yangu alifanyiwa hiyo ya zamani ya kuunga. Homa zikarudi miaka na miaka, mwisho akapasuliwa tena na ya pili ikawa ngumu kweli, ndani kote kumeshikana. Leo anakula urojo kuliko mie.

kijana_wete: Ana presha na sukari lakini

bi_nesi: Umri peke yake haumzuii, wataangalia moyo, mapafu, sukari ishuke, na kama homa ipo itibiwe kwanza. Akishatoka msimsahau, pale paliposhonwa panaweza kubana hata baada ya miaka, akipata homa au manjano rudini siku hiyo hiyo msingoje, na kliniki ni ya maisha.

kijana_wete: Nimemsomea ami yote haya. Kakubali ila anataka aende nae, na boti yenyewe anatapika kabla haijang'oa nanga 😂