Kuchangisha kwa simu: tukodi kampuni, tuajiri wetu, au tutumie watu wa kujitolea?

Mweka_Hazina:
Wakuu, salaam. Asasi yetu inahudumia watoto wenye matatizo ya kusikia (ndiyo, viziwi na simu, chekeni mmalize). Bodi inakutana Alhamisi ijayo na mimi ndiye natakiwa kupeleka pendekezo. Chaguo ni tatu. Kwanza, kampuni ya kupiga simu, inachukua asilimia ya kinachopatikana, sisi hatutangulizi kitu. Pili, tuajiri watu wanne wa muda wapige jioni ofisini kwetu. Tatu, watu wa kujitolea. Mimi naegemea kampuni kwa sababu hatuna pesa ya kutanguliza. Waliowahi kujaribu, nipeni uzoefu.

Bi_Kumbukumbu:
Umetaja kila kitu isipokuwa cha maana. Mnampigia nani? Namba ngapi? Hao watu wamewahi kuchangia, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Mnaomba mchango wa mara moja au wa kila mwezi? Bila hayo hatulinganishi, tunapiga ramli.

Jembe_Butu:
Kampuni. Uzi ufungwe. Wale wana mashine inayopiga namba nyingi kwa mpigo, wana watu waliozoea kukataliwa, wana ripoti kila asubuhi. Wa kujitolea watakuja kumi na wawili siku ya kwanza, siku ya tatu utabaki wewe na mlinzi.

Mstaafu77:
Jembe, hiyo mashine ndiyo balaa lenyewe. Inapiga namba nyingi kuliko wapigaji waliopo, ikibahatisha kwamba wengine hawatapokea. Wakipokea wengi kwa pamoja, kuna mtu atashika simu, "halo, halo", kimya, imekatika. Marekani waliona usumbufu huo wakaweka kikomo: simu zilizopokewa zikakosa mtu wa kuongea zisizidi 3%, na mpokeaji aunganishwe ndani ya sekunde 2 tangu amalize kusalimia. Waulize hao wa kampuni yenu mashine yao imewekwa kiwango gani. Wakijikanyaga, ondoka.

Mweka_Hazina:
Samahani kwa kuchelewa. Namba ni kama 3,400. Tunataka mchango wa kila mwezi. Wengi ni marafiki wa asasi.

Bi_Kumbukumbu:
"Marafiki wa asasi" ndiyo nini?

Sauti_ya_Jioni:
Mimi nina la kusimulia, ni refu, kaeni vizuri.

Tulikodi kampuni kwa mtindo huohuo wa asilimia. Mkataba ulikuwa kurasa kumi na moja, tukasoma mbili. Tukawapa faili la namba kama lilivyokuwa kwenye kompyuta ya ofisi, hakuna aliyelipitia. Jioni ya kwanza nilikwenda kukaa nao nisikilize. Binti niliyekaa jirani naye alikuwa na karatasi ya maneno ya kusema, kaibandika kwa selotepu ukingoni mwa skrini, na chini yake kaandika kwa kalamu nyekundu TABASAMU. Kila simu ikiisha anabonyeza kitufe kimoja kati ya vinne: ameahidi, amekataa, hakupatikana, asipigiwe tena. Ukibonyeza "hakupatikana", namba inarudi yenyewe kwenye foleni.

Sasa, kulikuwa na mzee aliyetuchangia miaka mingi. Alikuwa ameshafariki, na ofisini tulijua, mazishini tulituma mwakilishi. Ila kwenye faili bado yu hai. Mjane wake akapokea, akasema mwenyewe hayupo. Kitufe: hakupatikana. Kesho yake mpigaji mwingine, jibu lilelile, kitufe kilekile. Siku ya tatu ikamwangukia yule binti, na yule mama akamwambia, "Mwanangu, ninyi mkimpata, nipeni na mimi niongee naye."

Rekodi nililetewa nikaisikiliza. Binti alinyamaza kama sekunde tano, halafu akarudi kwenye karatasi akasoma mstari uliofuata. Simlaumu. Karatasi haikuwa na mstari wa msiba, na sisi ndio tuliopaswa kuuandika. Nilikwenda mwenyewe kwa yule mama kuomba radhi. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, lakini mchango wa familia ile uliishia hapo.

Mwisho wa mwezi ikaja ripoti. Ahadi nyingi, zinapendeza kwa macho. Kumbe asilimia yao walikuwa wanadai kwenye ahadi, si kwenye pesa iliyoingia. Ukurasa wa sita. Zaidi ya nusu ya zile ahadi hazikufika benki. Tulipovunja mkataba tukaomba faili letu, wakasema masahihisho yote waliyoyafanya ni mali yao. Tukarudi na lilelile la zamani, mzee wetu akiwemo.

Jembe_Butu:
Pole sana. Lakini hapo kosa ni la faili na la kutosoma mkataba. Hata wangepiga malaika wangempigia marehemu.

Sauti_ya_Jioni:
Nusu nakubali. Nusu nyingine ni kwamba mtu wa ofisini kwetu angeliona lile jina angeshtuka. Wa kukodiwa anashtukaje?

Wakili_Kijiweni:
Niongezee kwenye asilimia. Jimbo la North Carolina kule Marekani liliwahi kutaka kuwawekea wachangishaji wa kulipwa ukomo wa ujira, na kuwalazimisha wamwambie mchangiaji ni kiasi gani cha michango yao kilifika kweli kwa asasi. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya nchi ikakataa, ikasema ni kuingilia uhuru wa kujieleza. Mwaka 2003 ikaja kesi ya Illinois: kampuni ilikuwa inabakiza senti 85 katika kila dola huku watu wakiambiwa pesa zinakwenda kwa maveterani. Safari hii mahakama ikasema kutoza ghali peke yake si ulaghai, ila ukimdanganya mtu pesa yake inakwenda wapi, unashitakika. Kwa hiyo mtoa mada, sheria inaweza isikukataze kuchukua mkataba mbaya. Macho ni yako.

Jembe_Butu:
Senti 15 za kitu ni bora kuliko 100 za sifuri.

Wakili_Kijiweni:
Mwambie hivyo mchangiaji kabla hajataja namba ya kadi, uone kama atamaliza tarakimu.

Mstaafu77:
Na chama cha wachangishaji wa kitaaluma, AFP, maadili yao yanamkataza mwanachama kupokea malipo ya asilimia ya michango. Sababu ni rahisi: anayelipwa asilimia atambana mtu leo atoe, na mwakani yule mtu hataki hata kusikia jina lenu. Kuna kampuni zinatoza kwa saa au kwa kila mtu waliyeongea naye. Hapo unatanguliza pesa, lakini unajua unanunua nini. Na kama ni mchango wa kila mwezi, muulize: asilimia yao ni ya mwezi wa kwanza, ya mwaka, au mpaka mtu afe?

Halafu, kwa vile kadi imetajwa: rekodi isimamishwe mtu anaposoma namba. Zile tarakimu za siri nyuma ya kadi, viwango vya kampuni za kadi haviruhusu zihifadhiwe malipo yakishapitishwa. Mkiajiri wenu, mzigo huo ni wenu pia.

Tausi_Mweupe:
Mimi nasema anzeni na simu za shukrani tu. Msiombe kitu. Piga, sema ahsante, kata. Mwaka unaofuata watu wanarudi wenyewe.

Bi_Kumbukumbu:
Tausi, hilo sote tuliliamini. Watafiti wawili, Samek na Longfield, walilipima kwa miaka sita, wachangiaji zaidi ya laki tano, wengi wao wa vituo vya televisheni vya umma Marekani. Waliopigiwa kushukuriwa na wasiopigiwa, mwaka uliofuata walichangia sawasawa. Na wataalamu walioulizwa kabla walitabiri tofauti kubwa.

Tausi_Mweupe:
Televisheni ni televisheni. Sisi tunapiga ndani ya siku mbili, na anayepiga ni mwalimu anayemjua mtoto kwa jina. Mtu analia kwenye simu. Nimpime na nini huyo?

Bi_Kumbukumbu:
Mpime na mtu ambaye hukumpigia. Ndiyo maana ya kupima.

Tausi_Mweupe:
Sawa, mwanasayansi.

Kimya_Kimya:
Siku hizi nani anapokea namba asiyoijua? Mimi ikiita naitazama mpaka ichoke. Tumeni ujumbe mfupi kwanza, "kesho jioni atakupigia fulani kutoka asasi fulani, namba ni hii, usipotaka jibu HAPANA". Nusu ya ugomvi unaisha hapo.

Jembe_Butu:
Nusu ya watu pia inaisha hapo.

Kimya_Kimya:
Hao wangekukatia tu.

Mweka_Hazina:
Nashukuru kwa michango. Bi Kumbukumbu, kuhusu marafiki wa asasi: namba nyingi zimetoka kwenye madaftari ya mahudhurio ya siku zetu za kupima watoto masikio bure. Waliowahi kuchangia kabisa ni kama 400.

Bi_Kumbukumbu:
Subiri. Mzazi alileta mtoto apimwe, akaandika namba yake apewe majibu, na ninyi mnataka kumkabidhi mgeni ampigie saa moja usiku amwombe pesa kila mwezi?

Wakili_Kijiweni:
Hilo ukilipeleka kwenye sheria yoyote ya taarifa binafsi litakutoa jasho. Namba ilitolewa kwa kazi moja, inatumiwa kwa nyingine, tena inapewa mtu wa tatu. Na ni taarifa za afya hizo, za watoto.

Jembe_Butu:
Asasi huwa zinasamehewa. Orodha ya wasiotaka kupigiwa ya Marekani, ya 2003, haizibani asasi.

Wakili_Kijiweni:
Asasi inayopiga yenyewe. Kampuni inayopiga kwa niaba yake, mtu akisema asipigiwe tena kwa ajili ya asasi ile, inabanwa. Na Uingereza tangu 2017 kulianzishwa mfumo wa mtu kuitaja asasi moja kwa jina isimtafute tena. Halafu orodha ya wasiotaka kupigiwa ni jambo moja, daftari la kliniki ni jambo jingine. Usichanganye.

Mstaafu77:
Mkuu, hesabu yako imebadilika. 3,400 si orodha. Orodha ni 400. Wapigaji wanne, kila mmoja simu ishirini na tano kwa jioni, ni jioni nne, na wengine mtawarudia. Kampuni ya nini hapo? Kaeni wenyewe, pitieni majina moja moja kabla, waliofariki watoeni, wanaochangia tayari kila mwezi watoeni, wa miaka mingi nyuma wawekeni mwisho.

Sauti_ya_Jioni:
Na andikeni mstari wa msiba.

Mweka_Hazina:
Nimewaelewa. Tatizo ni kwamba kampuni yenyewe ni ya shemeji wa mwenyekiti wa bodi.

Kimya_Kimya:
😂😂😂

Bi_Kumbukumbu:
Na hili ulikuwa unalileta lini?

Jembe_Butu:
Mimi naondoa kura yangu.

Wakili_Kijiweni:
Mwenyekiti atangaze maslahi yake, atoke nje wakati wa kujadili, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Leteni na bei za kampuni nyingine mbili.

Mweka_Hazina:
Wakili, kumbukumbu za kikao naandika mimi. Na aliyenipendekeza kwenye hii nafasi ni yeye.

Tausi_Mweupe:
Tukiwa hapa hapa, kuna anayejua hedifoni zisizoumiza masikio? Walimu wangu wanalalamika baada ya saa moja.

Mstaafu77:
Chukua ya sikio moja. Unamsikia mchangiaji, na unamsikia mwenzako wa pembeni akikosea.

Mweka_Hazina:
Kikao kimesogezwa hadi Jumatatu. Mwenyekiti kaniambia pendekezo liwe ukurasa mmoja tu.