Panorama ya Ngorongoro asubuhi: anga limetoka na mistari, nimekosea wapi?

kijana_wa_karatu
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nilikuwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, pale magari yote yanaposimama ukishapanda kutoka getini, saa moja na robo asubuhi, ukungu ndo unaachia, chini bado kuna kiza cha bluu na Ziwa Magadi linang'aa kama bati jipya, halafu kulia jua ndo linatokeza. Nikapiga picha saba kushoto kwenda kulia, kamera mkononi, RAW (faili ghafi la kamera), lensi ya 18-55 nimeweka milimita 18, pana kabisa, kila kitu otomatiki na filta ya polaraiza juu maana nilitaka anga likolee. Kuja kuunganisha kwenye Hugin, ile programu ya panorama, anga lina mistari ya kusimama kama mapazia, kushoto kuna doa la giza, kulia kumeungua peupe, na kichaka kilichokuwa mbele yangu kimetokea mara mbili. Kurudi kule ni gharama wakuu.

fremu_tisa
Pole mkuu. Mistari ni ekspoja hiyo, yaani kiasi cha mwanga kamera inachoingiza, kamera ikiwa otomatiki kila ukigeuka inapima upya, kwenye kiza inaongeza, kwenye jua inapunguza. Weka M (unapanga mwenyewe), pima upande wa jua kwanza, hakikisha mawingu hayaungui, ukishapata funga hapohapo na usiguse tena, waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) na fokasi nazo funga. Doa ni polaraiza, inakoleza zaidi anga lililo pembe mraba na jua, sasa wewe umezunguka karibu nusu duara lazima ipatikane sehemu nyeusi na sehemu nyepesi, kwenye panorama pana itoe kabisa. Na usipige na 18 kamera imelala, isimamishe wima, vuta mpaka 35, tundu la lensi f/8, kila fremu ipande juu ya mwenzake kama theluthi, zitakuja nane au tisa. Halafu piga tatu tatu kila upande, moja ya kawaida, moja stopu mbili chini (giza zaidi), moja stopu mbili juu (mwanga zaidi), Hugin inaziunganisha.

dada_wa_ukungu
Nakubaliana na yote isipokuwa hilo la tatu tatu. Ukungu wa kreta unatembea jamani, ukimaliza fremu ishirini na saba ule wa kushoto ulishahama na maungio yanaonekana. Mimi kwa asubuhi ya hivyo napiga moja moja RAW, nalinda upande wa jua, kiza cha chini nakuja kukiinua nyumbani, chenga kidogo kwenye picha zinavumilika. Kingine, ulienda mwezi gani? Pale umesimama ukingo wa kusini unaangalia kaskazini, mwezi wa sita jua linachomozea kaskazini-mashariki, linakuingilia kwenye fremu. Mwezi wa kwanza linachomozea kusini kidogo ya mashariki, linabaki nyuma ya bega lako la kulia, mwanga unakuwa mpole zaidi.

kijana_wa_karatu
Mwezi wa sita dada, umepatia kabisa. Hizi nilizonazo hazifai tena?

fremu_tisa
Zinafaa sana, shukuru ulipiga RAW. Zifungue zote kwa waiti balansi moja, usiruhusu programu ikuongezee mwanga yenyewe, toa faili za TIFF za biti 16 na data za ekspoja zisifutike, kisha kwenye Hugin endesha ile ya kusawazisha mwanga. Inasoma kila picha ilipigwaje na kuzilinganisha. Kichaka kimejirudia kwa sababu kiko karibu na wewe uligeuka na mwili mzima, kamera ikahama, kwa hiyo kipake maski (kukificha) kwenye fremu moja kibaki kwenye nyingine. Ila kulia kulikoungua hakurudi, pakate.

kijana_wa_karatu
Nimekaa nayo tangu jioni. Mistari imeisha yote!! Doa bado lipo kwa mbali, kulia nimekata, ila Magadi na ule ukungu vimekaa vilevile nilivyoviona kwa macho. Asanteni sana. Mwezi wa kwanza narudi, na traipodi safari hii.